Bao kali, video mbovu! Simu inavyoweza kumbeba au kumpoteza staa wa mchangani

KWENYE mechi ya ndondo Dar es Salaam, iwe Kinesi pale Ubungo au Bandari kule Temeke, kuna kitu hakikosekani: simu zilizoinuliwa juu. Winga akianza tu kumkimbiza beki, mikono inapanda. Bao likiingia, nusu ya mashabiki wanashangilia kwa mkono mmoja, maana wa pili umeshika simu.

Ikifika saa 2 usiku bao hilo lipo TikTok, lipo Instagram na lipo kwenye status za WhatsApp za mtaa mzima. Kasheshe ni kwamba katika klipu kumi za bao hilohilo, pengine hakuna hata moja inayomuonyesha mfungaji sawasawa.

Moja imejaa kisogo cha jamaa aliyesimama mbele. Nyingine imeanza mpira ukiwa tayari wavuni. Ya tatu jua limeingia kwenye lenzi, wachezaji wote wamegeuka vivuli vyeusi vinavyokimbia. Ya nne ilikuwa inaelekea kuwa nzuri, ila aliyekuwa anarekodi naye aliruka kushangilia, hivyo kinachoonekana ni mchanga, ndala na kipande cha anga.

Kwa shabiki hilo ni la kucheka na kupita. Kwa kijana aliyefunga, ni jambo zito kidogo.

KAMERA PEKEE UWANJANI

Mwaka 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu, wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Mchezaji wa Ligi Kuu leo akipiga pasi tamu, kamera zimeiona, zimeirudia na zimeihifadhi. Wakala wake akitaka kumuuza, mali ya kuonyesha ipo.

Kule chini mambo ni tofauti. Mechi nyingi za wilaya, za mikoa, za shule na za mchangani hazina kamera ya televisheni. Filimbi ya mwisho ikipulizwa kinachobaki ni stori za waliokuwepo, na kilichomo kwenye simu zao.

Mbwana Samatta hakuhitaji klipu ya mtu. Mwaka 2011 akiwa Simba alikutana na TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, Wakongo wakamuona kwa macho yao na wakamchukua. Njia hiyo ni safi, lakini ni wangapi wanaipata? Kijana anayecheza Mbagala au Ilemela hakutani na Mazembe wikiendi hii. Siku kocha wa timu ya juu akisikia jina lake, kitu cha kwanza atakachoomba ni video.

Hapo ndipo mshikaji wake mwenye simu anapogeuka kuwa mtu muhimu kuliko kocha msaidizi.

Na wala siyo lazima iwe simu ya bei mbaya. Simu nyingi za kawaida zinazouzwa Kariakoo siku hizi zinarekodi picha ya kutosha kabisa kwa mitandao. Kinachoharibu klipu nyingi ni mahali mpigaji aliposimama, muda alioanza kurekodi na mambo aliyoyafanya baada ya mechi.

JUA LIKO UPANDE GANI?

Mechi nyingi za ndondo huanza saa 10 jioni. Muda huo jua limeshaanza kushuka magharibi, na kwa Dar es Salaam linazama baada tu ya saa 12. Maana yake karibu dakika zote 90 mwanga unapiga kutoka upande mmoja.

Anayesimama upande wa mashariki wa uwanja anaelekeza simu yake kwenye jua moja kwa moja. Simu ikiona mwanga mkali hivyo inapunguza mwanga wa picha nzima, na wachezaji wanakuwa weusi tii. Jezi namba haisomeki, sura haionekani. Hakuna filta itakayomrudisha mtu aliyepigwa hivyo.

Dawa ni kusimama upande wa magharibi, jua likiwa mgongoni. Tatizo ni kwamba upande huohuo ndio wenye kivuli cha miti na nyumba, kwa hiyo ndio unaojaa watu mapema. Mpigaji anayekuja dakika ya 15 anakuta visogo vitatu mbele yake. Anayefika timu zikipasha anachagua anapotaka.

Urefu nao una kazi yake. Picha iliyopigwa usawa wa macho inawabananisha wachezaji wote kama wamesimama foleni ya mwendokasi. Mita moja tu juu, kwenye benchi, kwenye ukingo wa ukuta au nyuma ya pikapu iliyoegeshwa, nafasi kati ya beki na kiungo inaanza kuonekana. Mabati ya nyumba za watu hayahesabiwi. Mpira umeshavunjia watu mabati ya kutosha.

Kuna wanaopenda kukaa nyuma ya goli. Kwa klipu ya bao moja pako vizuri, hasa bao la kichwa au faulo inayokunja. Ila kwa winga au beki wa pembeni nyuma ya goli hapafai, kwa sababu kazi yake inafanyika mbali na mpigaji na mbio zake zote zinaonekana kama amesimama sehemu moja akitingisha mabega. Huyo anafuatwa kutoka pembeni, usawa wa mwisho wa boksi, hatua kadhaa nyuma ya njia ya mshika kibendera. Mshika kibendera akigongana na mtu mwenye simu, anayefukuzwa uwanjani anajulikana.

LENZI INA MAFUTA YA CHIPSI

Kuna jambo la sekunde tano ambalo wengi hawalifanyi: kufuta lenzi. Simu imeshinda mfukoni, imeshikwa kwa vidole vya chipsi mayai, imewekwa sikioni ikiwa na jasho. Ukungu ule unaoonekana kwenye video nyingi za jioni, taa zikiwa na mikia mirefu, ni mafuta. Kitambaa laini kinatosha.

Halafu kuna zumu. Vidole viwili vikipanua kioo, mara nyingi simu haisogezi kitu, inakuza tu nukta za picha ileile mpaka mchezaji anakuwa kama katuni ya vibokisi. Simu zenye lenzi ya pili ya kuvuta zinaonyesha kitufe cha 2x au 3x, na hicho kinaweza kutumika. Simu isiyokuwa nayo, zumu yake ni miguu: kusogea.

Kingine ni mwanga unaorukaruka. Mpira ukienda upande wa mchanga mweupe picha inakuwa giza, ukirudi kwenye nyasi inang'aa. Simu inajirekebisha yenyewe kila sekunde. Kwenye simu nyingi, kidole kikibonyeza kioo na kubaki hapo sekunde mbili tatu, alama ya kufuli inatokea na mwanga unatulia. Ni hatua ndogo sana lakini ndiyo inayoipa video ule utulivu ambao watu hudhani ni wa kamera kubwa.

Kushika simu ni mikono miwili, viwiko vikigusa mbavu, miguu imepanuliwa, na kinachozunguka ni kiuno. Mpigaji anayefuata mpira kwa kiganja pekee anamfanya mtazamaji apate kizunguzungu kama yuko kwenye boti ya Nungwi. Kama kuna stendi, vizuri. Kama hakuna, mti, nguzo au bega la rafiki mvumilivu.

Na simu iwekwe kwenye hali ya ndege. Kwenye simu nyingi mtu akipiga katikati ya shambulizi rekodi inakatika, na mara nyingi anayepiga anauliza mechi imefikia ngapi.

Suala la nafasi kwenye simu nalo linahitaji hesabu. Kwa mujibu wa mipangilio ya iPhone, dakika moja ya video ya 1080 kwa fremu 30 kwa sekunde, katika mfumo wa kubana, inakula takriban MB 60. Ya 4K kwa fremu 60 inakula takriban MB 400. Kwa dakika 90, ya kwanza ni kama GB 5.4, ya pili ni GB 36. Simu nyingi za mtaani zinakufa kipindi cha kwanza. Kwa mechi nzima 1080 inatosha, na pawabenki iwe karibu.

SIMU ILALE AU ISIMAME?

Huu ndio ubishi mkubwa wa vijiweni. TikTok, Reels za Instagram na Shorts za YouTube zinataka picha ya wima, upana 1080 na urefu 1920. Lakini uwanja wa mpira umelala. Winga anakimbia kwenda mbele, krosi inakwenda upande wa pili, na picha ya wima inaonyesha anga nyingi, mchanga mwingi na kipande chembamba cha mpira katikati.

Wapo wanaolaza simu halafu wanakata picha ya wima baadaye. Ni wazo zuri lenye mtego. Video ya 1080 iliyolala ikikatwa iwe ya wima inabaki na upana wa nukta 607 hivi, karibu theluthi moja tu ya picha ya mwanzo, na ndiyo maana inatoka hafifu. Iliyolala kwa 4K ikikatwa inabaki na nukta 1,215, ambazo zinatosha na chenji inabaki.

Kwa hiyo mpangilio unaoeleweka kwa mwenye simu ya kawaida ni huu: mechi inarekodiwa simu ikiwa imelala, kwa ajili ya kocha. Penalti, faulo za karibu, kona, kupasha misuli, kushangilia na mahojiano ya mlangoni yanapigwa wima, kwa ajili ya mitandao. Hayo ni matukio yanayokaa sehemu moja na yanaingia vizuri kwenye picha nyembamba. Wakiwepo wawili wenye simu, mmoja anachukua hiki na mwingine kile, na hakuna anayekimbizana na mwenzake.

Muda wa kuanza kurekodi una uzito kuliko hata ubora wa picha. Klipu ya bao inayoanza mguu ukigusa mpira inaonyesha shuti. Inayoanza sekunde nane kabla inaonyesha straika alivyomvuta beki wa kati kushoto, akamwacha, akaitokea pasi mgongoni kwake. Watu wa mtandaoni watapiga laiki zote mbili. Kocha anaitaka hiyo ya pili, kwa sababu mashuti makali anayo kikosini tayari, anachotafuta ni akili.

Beki na kiungo mkabaji ndio wanaoumia zaidi na tabia hii ya kusubiri bao. Kazi yao haina shangwe. Beki aliyesoma krosi na kuitoa mapema, kiungo aliyesogea hatua mbili akaziba njia ya pasi, hao hawamo kwenye klipu ya mtu yeyote. Rafiki wa beki hana njia nyingine zaidi ya kumfuata yeye, hata mpira ukiwa mbali naye.

PEMBE INAVYODANGANYA

Aprili 5, 2024 kule Pretoria, Yanga walikuwa wanarudiana na Mamelodi Sundowns robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Stephane Aziz Ki akaachia kombora, likapiga mtambaa wa panya, likadunda chini na kutoka. Mwamuzi hakutoa bao. Mechi ikaisha 0-0, Sundowns wakapita kwa penalti 3-2, na mpaka leo ukitaka ugomvi kijiweni taja tukio lile.

Usiku ule mitandao ilijaa klipu na picha za mnato kutoka kila upande, kila mmoja akiapa kwamba yake imemaliza ubishi. Jambo la kiufundi ni hili: sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote, na mpira una upana wa sentimita 22 hivi. Kamera ambayo haijakaa usawa wa mstari wa goli inausogeza mpira kwa macho. Ikiwa mbele ya mstari, mpira ambao haujavuka unaweza kuonekana umevuka. Ikiwa nyuma yake, kinyume chake. Mpira ukiwa hewani ndiyo balaa zaidi.

Somo hilo linashuka mpaka mchangani. Mpigaji anayetaka kuonyesha kwamba winga hakuotea anatakiwa awe usawa wa beki wa mwisho. Anayetaka kuonyesha jinsi faulo ilivyokunja asimame nyuma ya mpigaji wa faulo, maana kwa pembeni mkunjo wote unapotea.

Mechi za usiku zina ugonjwa wao mwingine. Video inapepesa, mwanga unakuja na kuondoka kama taa ya kibanda inayotaka kuungua. Umeme wa kwetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za aina fulani zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Simu inayorekodi kwa fremu 30 au 60 haiendi sambamba na mwendo huo. Ikiwekwa fremu 25 au 50, au kwa simu zinazoruhusu kupanga kasi ya lenzi ikawekwa 1/50 au 1/100, upepeshaji unapungua sana. Kwenye iPhone fremu 25 hujificha ndani ya mipangilio ya kamera mpaka mfumo wa PAL uruhusiwe. Na slomosheni usiku chini ya taa hizo ni bora iachwe kabisa.

KWA MKAPA, GEUZA SIMU JUKWAANI

Kwenye mechi za Ligi Kuu kuna kosa jingine. Shabiki ameketi juu kabisa uwanja wa Benjamin Mkapa, anarekodi wachezaji walio kama sisimizi, wakati tukio hilohilo televisheni inalo kwa karibu. Isitoshe, kilicho ndani ya mistari kimeuzwa, na klipu za matangazo zikipandishwa huwa zinaondolewa na akaunti zinaweza kufungiwa.

Kitu ambacho televisheni haikipati vizuri ni jukwaa. Novemba 5, 2023 Yanga walipoifunga Simba 5-1, mabao yote televisheni ililipiwa kuyaonyesha. Ila vidole vitano vilivyoinuliwa, mzee aliyekaa kimya na skafu nyekundu kichwani, mtani aliyekimbia mapema kuwahi daladala, hivyo ni mali ya mwenye simu. Sura ya mtu iliyo mita mbili ni nyepesi kuipiga vizuri kuliko bao lililo mita 80. Ila kumpiga mtu anayelia ni vyema kumuuliza kwanza. Siyo kila aliyefungwa anataka kuwa kichekesho cha nchi nzima.

Sauti ya jukwaa nayo ni utajiri. Ngoma, vuvuzela, ile "aaah" ya watu elfu wakati mpira ukipita nje ya nguzo, hakuna muziki unaoshinda hapo. Shida ya ndondo ni matusi. Klipu inaweza kuwa kali, lakini jirani wa mpigaji ametukana ukoo mzima wa refa katika sekunde tisa. Kwa video ya mchezaji, sauti hiyo ifutwe. Mama yake ataitazama, na kocha pia.

MSHALE NDIYO, KUCHAKACHUA HAPANA

Mechi imeisha, kazi imehamia kwenye CapCut, InShot au programu ya kuhariri iliyokuja na simu. Vijana wengi hapa ndipo wanapoharibu.

Kinachohitajika zaidi ni kidogo sana: picha inasimama kwa sekunde moja, mshale au duara linamwonyesha mchezaji, halafu mchezo unaendelea. Bila mshale, kocha asiyemjua kijana ana wachezaji 22 wa kuchagua, na pengine atampenda mwingine. Imeshawahi kusemwa kwa utani, lakini haichekeshi kwa mwenye video.

Tukio kali linaanza mwanzoni. Kwenye simu mtu anapandisha kidole haraka, na sekunde mbili za nembo inayozunguka na jina lenye moto na radi zinatosha kumpoteza. Slomosheni inatumika mara moja, pale mguu unapofanya maajabu. Iliyorekodiwa kwa fremu 120 ikichezwa kwa 30 inakwenda polepole mara nne na bado ni laini. Ya kawaida ikilazimishwa iwe polepole inakatikakatika.

Maandishi yasikae chini kabisa wala pembeni kulia, kwa sababu huko TikTok na Instagram wanaweka majina yao, vitufe vya laiki na maelezo. Mabao mangapi yameingia nyuma ya alama ya moyo!

Kisha kuna uchakachuaji. Baadhi wanaongeza kasi ya video ili winga aonekane ana mbio kuliko alivyo. Macho yaliyozoea mpira yanagundua bila shida: refa anatembea kama kuku, mpira unadunda haraka kuliko kawaida, mashabiki wanapiga makofi kama sinema za zamani. Kijana aliyekuwa na mbio za kweli anaishia kuonekana tapeli. Wengine wanakata kila mpira uliopotea mpaka inabaki dakika moja ya miujiza mitupu. Kwa mtandaoni ni sawa. Kwa kocha, kuacha mpira mmoja uliopotea na kuonyesha kijana alivyorudi mbio kuukaba kunaweza kumsaidia kuliko bao la pili.

Baada ya jasho lote hilo, video inatumwa WhatsApp na kuuawa. WhatsApp inabana video ili isile bando, na anayeipokea akiipandisha TikTok inabanwa mara ya pili. Ikipita kwenye makundi matatu na status mbili, namba ya jezi inakuwa doa. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD kabla ya kutuma, na njia salama zaidi ni kuituma kama dokumenti au kuiweka kwenye Google Drive na kutuma kiungo. Bando litaumia, lakini ni mara moja.

Chini ya video yanatosha maelezo yasiyozidi mistari miwili: jina la mchezaji, namba ya jezi, nafasi anayocheza, timu zilizocheza na tarehe. Klipu nyingi zinazosambaa hazina hata jina. "Muoneni huyu dogo" ndiyo maelezo yote. Dogo yupi, wa wapi?

MAWAKALA WA INBOX

Video ikiwa nzuri na ikasambaa, inafika pia kwa watu ambao haikukusudiwa. Ujumbe unaingia inbox: kuna majaribio Uturuki, Ureno au Dubai, klabu imekupenda, kinachotakiwa ni pesa ya viza na usajili, itumwe leo. Wapo waliouza kiwanja cha familia kwa ujumbe wa aina hiyo.

Mambo mawili ya FIFA yanasaidia kuchuja. La kwanza, tangu 2023 mawakala wamerudi kwenye mfumo wa leseni na mtihani, na orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya FIFA kwa yeyote kuitazama. Wakala akija kwa mchezaji mwenye umri mdogo, anatakiwa awe na ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. La pili, uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 umezuiwa, ukiacha hali chache maalumu. Anayemwahidi mtoto wa miaka 15 mkataba wa Ulaya mwezi ujao ajibiwe na mzazi, na mzazi awe amekaa na viongozi wa klabu.

Kwa sababu hiyo, akaunti inayoonyesha watoto ni vizuri ishikwe na mtu mzima. Jina la shule, mtaa anaoishi na namba ya simu ya mtoto havina kazi kwenye video. Namba ya kocha au ya klabu inatosha. Na mzazi aulizwe kabla video haijapanda, siyo baada ya kuionyeshwa na jirani.

Kocha wa kweli naye anajulikana kwa maswali yake. Ataipenda klipu ya sekunde 20, atauliza kijana ana umri gani, anatumia mguu gani, yuko timu gani na nani wa kuzungumza naye. Kisha ataomba kitu ambacho vijana wengi wamekifuta usiku uleule ili kupata nafasi ya nyimbo: mechi nzima, dakika 90, bila kukatwa. Anataka kumuona huyo winga dakika ya 70, timu ikiwa nyuma 2-0 na miguu imechoka. GB 5.4 zile zinaingia kwenye flashi ya kawaida, na flashi ikiandikwa jina la timu na tarehe kwa kalamu, haitafutwi kwa tochi siku simu itakapoita.